Mawazo Mengi, Mikono Miwili

Tarehe 2 Novemba, siku ya kuwakumbuka Marehemu Wote, ni desturi ya Wakristu wetu kwenda makaburini. Siku chache kabla hupalilia majani, hutengeneza udongo uliobomoka, na siku yenyewe huwasha mishumaa, naye padri hupita katikati ya makaburi akinyunyiza maji ya baraka. Mwaka mmoja siku hiyo ilitukuta Kasaji, katika eneo la Dilolo, mkoa wa Lualaba. Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kunyesha, na udongo ulikuwa mwekundu na laini.

Tulipokuwa tukipita tuliona kaburi moja lililopaliliwa vizuri kuliko yote, lakini msalaba wake ulikuwa vijiti viwili vilivyofungwa kwa gome la mti. Kando yake alisimama mama mmoja, naye alikuwa ameinamisha uso. Tulidhani analia kwa ajili ya marehemu. Sivyo. Alikuwa akiona haya. Tangu Pasaka alikuwa ameagiza msalaba kwa kijana mchongaji wa pale pale, na nusu ya malipo alikuwa amekwisha kutoa, fedha aliyoipata kwa kuuza unga wa mihogo kopo kwa kopo. Mume wake alifanya kazi ya reli maisha yake yote, akastahili msalaba wa mti mgumu. Sasa padri alikuwa anakaribia, na pale palikuwa na vijiti.

Mtu husema upesi: mchongaji huyo ni mlevi, au amekula fedha ya mjane. Sisi pia tulisema hivyo moyoni. Basi jioni tukaenda kwake ili tumwambie maneno makali, nayo maneno hayo tulikuwa tumekwisha kuyapanga njiani.

Hatukuyasema. Nyuma ya nyumba yake, chini ya mwembe, tulikuta misalaba saba ya mti wa mukula, yote ya mjane yule yule. Mmoja ulikuwa umechongwa mzabibu mpaka nusu. Wa pili mihimili yake ilifanywa kama vyuma vya reli juu ya mataruma, kwa heshima ya kazi ya marehemu. Wa tatu ulikuwa na uso wa Mwana Pwo, yule mwanamke mzuri wa vinyago vya Wachokwe, mwenye alama kama ya msalaba katika paji la uso na mistari ya machozi chini ya macho. Kijana alikuwa amefikiri: mbona machozi haya yasimlilie marehemu Mkristu? Wazo zuri kabisa! Wa nne, wa tano, na hiyo mingine, kila mmoja na wazo lake. Hata mmoja haukwisha.

«Mzee,» akatuambia, «si kwamba sikufanya kazi. Nafanya kazi hata usiku. Lakini nikishika huu, mwingine hunijia ulio mzuri zaidi. Nikampe mama ule ulio mbaya, nami naujua ulio mzuri? Si nitakuwa mwizi?»

Hapo tuliona kwamba tuna jambo la kufikiri. Mara nyingi husikia watu wakimkemea asiye na wazo lolote, mvivu, mwenye kuiga kazi ya mwenzake. Nani amesema neno kwa ajili ya yule ambaye mawazo yanamfurikia mpaka yanamzamisha? Naye yuko katika kila parokia. Ni mwalimu wa kwaya aliyeanza nyimbo kumi za Noeli, na Noeli ikifika watu wanaimba zile za mwaka jana. Ni fundi cherehani mwenye mishono mingi kichwani, na bibi arusi anavaa nguo ya kuazima. Watu humwita mvivu, naye anajua kwamba si mvivu, kwa hiyo hasikii shauri lao. Dawa ya uvivu haimponyi asiye mvivu.

Kwanza tulimwuliza kijana yule juu ya kumbikumbi, maana ndio walikuwa wakiruka jioni ile kuizunguka taa. Watu wa Kasaji wanajua jambo hili kuliko sisi. Mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu. Mtoto huwakimbilia, huyu amekosa, yule amekosa, anakimbia mpaka amechoka, na mkononi ana wanne. Mama yake ameketi penye tundu moja na kikapu chake. Elfu nzima wanampita juu ya kichwa, wala hawatazami. Usiku watu wanakula wale wa kikapuni. Kijana akacheka, akasema, «Ndiyo, lakini mama yule hana huzuni kwa ajili ya wale waliopita. Mimi ninayo.»

Jibu lake lilikuwa la kweli, nasi tukanyamaza kidogo. Huzuni hiyo ndiyo shina la ugonjwa. Akaendelea, akatuuliza jambo ambalo bila shaka lilikuwa limemsumbua siku nyingi. Katika Injili kuna yule mtumishi aliyeizika talanta ya bwana wake ardhini, akapewa adhabu. Basi mtu akipewa mawazo kumi na Mungu, akafanya moja, je, hakuzika tisa?

Tusijibu upesi, kwa maana swali hili huwatesa watu wema. Tukiutazama mfano ule vizuri, twaona kwamba kila mtumishi alipewa kadiri ya uwezo wake. Mtumishi wa mwisho hakulaumiwa kwa sababu alichagua biashara moja akaacha nyingine. Alilaumiwa kwa kuwa bwana wake aliporudi hapakuwa na faida yoyote ya kumwonyesha. Sasa tumwulize mchongaji wetu: bwana wako akirudi leo jioni, utamwonyesha nini chini ya mwembe? Misalaba saba isiyoweza kusimamishwa penye kaburi. Huyu ambaye aliogopa kuzika mawazo tisa amezika yote kumi, tena kwa jasho jingi. Tena wazo si talanta yenyewe. Talanta ni mkono unaojua kushika tezo, ni jicho linaloona sura ndani ya gogo. Wazo ni kama mgeni anayepita barabarani. Twaweza kumsalimu kwa adabu bila kumkaribisha kula na kulala.

Mwingine atasema kwamba hayo ni mambo ya mafundi wadogo, na wenye akili kubwa wameruhusiwa. Tutazame basi mwenye akili kubwa. Mwaka 1481 watawa wa San Donato a Scopeto, karibu na mji wa Firenze huko Italia, walimwagiza Leonardo da Vinci picha ya Mamajusi wakimwabudu Mtoto Yesu, iwekwe altareni. Walipatana aimalize kwa miezi 24, au 30 kwa upeo. Leonardo akaanza. Mawazo yakaja: umati wa watu wanaomzunguka Mama na Mtoto, kila uso na mshangao wake, na nyuma yao magofu, ngazi, farasi wanaopigana. Mwaka uliofuata akaenda Milano kwa kazi nyingine, picha akaiacha rangi ya kahawia tupu, haijapata rangi zake. Mwisho watawa walimwendea mchoraji mwingine, Filippino Lippi, naye akawapa picha yao mwaka 1496. Hesabu mwenyewe, msomaji: miaka 15.

Ni kweli, picha ile isiyokwisha inatunzwa Firenze hata leo, na wenye kujua huisifu sana. Hatumhukumu Leonardo. Ameacha pia maelfu ya kurasa za mawazo, na watu hawajachoka kuzisoma. Na huko Milano watawa wengine walipata Karamu ya Mwisho ukutani pa chumba chao cha kulia. Lakini watu wa San Donato ni nani awakumbukaye? Walikuwa na altare, wakangoja. Kila mara twasoma habari ya msanii, twasoma habari ya mateso yake, usiku wake, moyo wake. Mara chache mwandishi huenda kumwuliza yule aliyengoja.

Hapo ndipo twaona jambo lenyewe. Wazo likiingia kichwani halikufanyi mdeni wa mtu. Hakuna aliyelipia wazo la mzabibu, hakuna anayeliamkia asubuhi akiuliza kama liko tayari. Lakini mjane alilipa, aliahidiwa, alipalilia, akangoja. Kijana alilipa deni kwa mawazo yasiyomdai, na mama aliyemdai akakaa bila kulipwa. Naye alifanya hivyo akiamini kwamba anampenda mama yule na kumheshimu kuliko fundi mwingine yeyote. Ndiyo maana tunasema jambo hili ni la dhamiri, si la ufundi tu.

Labda msomaji ataogopa kwamba tunataka msanii awe mtumwa wa mwenye kununua. Hapana. Katika nchi yetu ya Katanga ya zamani tumeona pia ugonjwa wa upande wa pili. Miaka ya 1970 katika nyumba nyingi za wafanyakazi, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, palikuwa na picha ukutani, na wachoraji walifanya zile zile mara nyingi: mamba-muntu, yaani mwanamke mwenye mkia wa samaki, au bendera ya wakoloni ikipepea na mfungwa akichapwa. Mnunuzi alitaka hiyo, mchoraji alifanya hiyo, kesho tena, keshokutwa tena. Mtoto wake alikula. Hatuwacheki.

Mmoja wao alikuwa Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Yeye naye alichora picha za kuuza, juu ya kitambaa cha magunia ya unga, akatembea nazo nyumba kwa nyumba. Lakini kichwani alikuwa na jambo kubwa mno kwa ukuta wa nyumba moja: historia ya nchi nzima, tangu watu wa kale na wafalme, mpaka Wabeleji, mpaka Lumumba, mpaka siku zake mwenyewe. Mwaka 1973, alipokuwa akitembeza picha zake Lubumbashi, alimkuta mwalimu wa chuo kikuu, Johannes Fabian. Wakazungumza kwa Kiswahili chetu cha huku. Mwalimu alitaka kuiona historia ile yote, akawa tayari kuinunua. Basi Tshibumba akaanza kuleta picha, fungu kwa fungu, akiweka kila moja mahali pake na kueleza maana yake kwa kinywa chake, mpaka mwaka 1974 zikatimia mia na moja. Leo zinatunzwa Amsterdam, huko Uholanzi, na mwaka 1996 Fabian alitoa kitabu chenye picha hizo na maneno ya mchoraji.

Tulipomsimulia kijana habari hii, macho yake yaling'aa. Picha mia na moja! «Unaona, Mzee, hakupunguza mawazo yake.» Ndiyo, hakupunguza. Lakini tazama alivyoyapitisha. Alikuwa na kamba moja ya kuyafunga, yaani miaka inavyofuatana. Mfalme hakuweza kuja baada ya Mbeleji, wala jana kutangulia juzi. Na alikuwa na mtu mmoja aliyeketi akingoja picha inayofuata. Mawazo yaliyokuwa yakigombana mlangoni yakajipanga mstari. Twaamini kwamba bila mtu yule wa kungoja, mengi ya mawazo yale yangekufa naye. Na Tshibumba mwenyewe alitoweka miaka michache baadaye, mtu akiwa bado kijana.

Lakini mbona twakwenda mpaka Firenze na Amsterdam kutafuta mwalimu? Wachokwe na jirani zao, huku magharibi ya Lualaba, na ng'ambo katika Angola na Zambia, wana ufundi wa sona, yaani michoro ya mchangani, ambao wazee waliwafundisha vijana tangu zamani. Kijana wetu aliujua kidogo kwa babu yake. Tulimwomba atuonyeshe, akaweka taa chini.

Kwanza alisawazisha mchanga kwa kiganja. Kisha kwa ncha za vidole akapiga nukta, safu kwa safu, nafasi zote sawa. Nukta zilipokwisha, akaanza mstari, ukizunguka nukta hizi, ukipita katikati ya zile, ukikata njia yake wenyewe, ukirudi, bila kuinua kidole, mpaka ukaishia pale ulipoanzia. Mzee anayejua hufanya hivyo huku akisimulia hadithi, na hadithi na mstari vinakwisha pamoja. Akisitasita, akisimama kufikiri, watazamaji hutabasamu. Hilo tabasamu, tumeambiwa, ni baya kuliko tusi.

Tena kuna siri ndani yake ambayo wenye elimu ya hesabu wameichunguza. Katika namna moja ya michoro hiyo, ile inayofanana na mkeka uliosukwa, hesabu ya nukta ndiyo huamua yote. Weka safu 5 zenye nukta 6 kila safu, na mstari mmoja utazizunguka zote. Weka safu 4 zenye nukta 6, na kidole kitarudi kilipoanzia kabla ya kazi kwisha. Itakubidi kuanza mstari wa pili. Nukta za kwanza ni 30, za pili ni 24. Basi shida haiko katika wingi. Nukta 30 zinakubali pale ambapo 24 zinakataa. Shida ni kama ulijua hesabu yako kabla ya kuanza.

«Sasa,» tukamwambia, «ongeza nukta moja hapo pembeni, nzuri kuliko zote.»

Akatutazama kama mtu aliyeambiwa amwage chakula. «Haiwezekani, Mzee. Mstari umekwisha kupita.»

Tukanyamaza. Yeye ndiye aliyegeuka akaitazama misalaba yake.

Hatukutoa hotuba ndefu usiku ule, lakini mambo kadhaa tulipatana, nayo tunayaandika kwa ajili ya wenye shida kama yake. Wakati wa kukaribisha mawazo ni kabla ya kushika tezo. Hapo na yaje, hata mia, na mteja mwenyewe aulizwe, kwa maana kijana katika miezi yote ile hakumwuliza mjane hata mara moja anapenda nini! Likichaguliwa moja, mlango unafungwa. Wazo jingine likibisha hodi, na liandikwe katika daftari. Na mti wa kazi ya pili usiletwe chini ya mwembe mpaka kazi ya kwanza imeondoka. Jambo hili la mwisho laonekana dogo, lakini twadhani lina nguvu kuliko mashauri yote, kwa kuwa mkono hufuata kilicho karibu. Twaongeza simu. Zamani mchongaji wa Kasaji aliona kazi za jirani zake na za safari mbili tatu. Leo katika simu anaona vinyago vya dunia nzima kabla ya kunywa chai. Hatusemi aitupe, aitazame jioni, kazi ikiwa imefunikwa.

Na ile huzuni? Hatukuweza kumwondolea, wala hatutaki kumdanganya msomaji. Daftari ni faraja kidogo tu. Mengi yaliyomo hayatachongwa kamwe. Mtu mwenye mawazo mengi atakufa nayo mengi, na siku nyingine akipita penye kazi iliyokwisha ataiona ile nyingine ambayo ingeweza kuwako, nzuri zaidi, imesimama nyuma yake kama kivuli. Ule uso wa Mwana Pwo wenye machozi, hata sisi twausikitikia. Mchongaji anayekabidhi kazi anakubali kuonekana na watu mwenye uwezo mdogo kuliko ule anaouhisi ndani yake. Labda hilo ndilo linalouma kweli, na labda kijana alipokuwa akisema «ulio mzuri zaidi» alikuwa anaficha hofu hiyo. Maana msalaba usiokwisha hauwezi kulaumiwa na mtu.

Tuliondoka Kasaji siku ya tatu. Asubuhi yake kijana alikuwa amemwita mjane, akampanga misalaba saba mbele yake. Mama akaitazama yote polepole, akaupitisha mkono juu ya ule wa reli. Sisi tulikuwa na hakika atachagua huo. Akasema, «Mwana wangu, alichoka na reli. Andika jina lake tu, vizuri, lisifutike na mvua.»

Ukachukuliwa ule wa saba, ambao haukuwa bado na pambo lolote. Hiyo mingine sita kijana aliibeba mwenyewe mpaka nyumba ya kaka yake, mwendo wa nusu saa, akaiacha huko. Jumapili iliyofuata, tumepata habari, msalaba ulisimamishwa. Herufi za jina zimechimbwa ndani sana, kina cha kidole, na kila herufi imesuguliwa mpaka ukingo wake ni laini. Mama alileta nusu ya malipo iliyobaki. Kijana akakataa kuipokea kwa sababu ya kuchelewa. Mama akaiweka juu ya mti wa kazi, chini ya tezo isipeperushwe na upepo, akaenda zake shambani.